Tiba kwa vitendo baada ya jeraha la ubongo: kurudisha uwezo, kutafuta njia nyingine, au kubadili mazingira?

Chukua shati la vifungo. Mtu ambaye mkono wake wa kushoto umelegea baada ya kiharusi anaweza kuvalishwa shati hilo na mtu mwingine, na kazi ikaisha ndani ya dakika mbili. Anaweza kufundishwa kulivaa mwenyewe kwa mkono mmoja. Anaweza kutafutiwa fulana pana isiyo na vifungo. Au anaweza kufanyishwa mazoezi ya ule mkono uliolegea, wiki baada ya wiki, mpaka vidole viweze kushika kifungo. Njia zote nne ni halali, na zote nne hupendekezwa na watu wanaomtakia mgonjwa mema. Tatizo ni kwamba haziwezi kufuatwa zote kwa pamoja: saa za tiba ni chache, na ubongo uliojeruhiwa huchoka kabla ya misuli.

Kusaidia uchaguzi huo ndiyo kazi ya mtoa tiba kwa vitendo, ambaye wengine humwita mtaalamu wa tiba kazi. Hapa nazilinganisha njia zake kwa ajili ya mgonjwa na familia wanaotakiwa kukubali mpango bila kuelezwa tofauti iliyopo. Jeraha la ubongo nalichukua kwa maana pana: ajali au kipigo cha kichwa, kiharusi, ubongo kukosa oksijeni, maambukizi yaliyofika ubongoni, uvimbe uliofanyiwa upasuaji. Chanzo kina uzito wake, lakini mpango mzuri hauanzi na picha ya ubongo. Unaanza na swali: mgonjwa anahitaji kufanya nini, na ni kipande gani cha shughuli hiyo kinachomshinda?

Fiziotherapia, tiba ya usemi, au tiba kwa vitendo?

Kwa ufupi, fiziotherapia hushughulika na nguvu, usawa wa mwili na kutembea. Tiba ya usemi hushughulika na lugha, sauti na kumeza. Tiba kwa vitendo huishika shughuli yenyewe. Chukulia kwenda msalani usiku. Mtaalamu wa fiziotherapia atauliza kama miguu inabeba mwili. Mtoa tiba kwa vitendo atauliza kama mgonjwa anaona swichi iliyo upande wake wa kushoto, kama anaweza kushusha suruali kwa mkono mmoja huku amesimama, na kama akishatoka atakumbuka njia ya kurudi kitandani.

Mipaka hii huingiliana, hasa kwenye mkono, na timu nzuri haigombanii mgonjwa. Ila kama hali inakulazimu uanze na mmoja, mimi ningesema hivi: asiyeweza kuketi wala kusimama aanze na fiziotherapia, anayetembea vizuri lakini anaacha jiko linawaka aanze na tiba kwa vitendo. Huyu wa pili ndiye anayesahaulika zaidi. Anaongea, anacheka, anasalimia wageni, na kwa kuwa haonekani mgonjwa hakuna anayemwandikia rufaa.

Kwanza hakikisha kama siku zake zinaungana

Baada ya jeraha kubwa la kichwa kuna kipindi ambacho mgonjwa ameamka, anaongea, lakini kumbukumbu mpya hazikai. Anauliza swali lilelile kila baada ya dakika chache, hajui yuko wapi, pengine anang'oa mirija au anataka kwenda kazini. Kipindi hiki kinaweza kuwa cha saa chache au cha wiki nyingi, na urefu wake ni moja ya dalili bora za ukubwa wa jeraha. Kipimo cha Glasgow kilichotolewa mwaka 1974 na Teasdale na Jennett hukadiria hali ya fahamu kwa alama 3 hadi 15: alama 13 hadi 15 huhesabiwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini ni kubwa. Lakini alama za siku ya kwanza hazikuambii mgonjwa atajifunza vipi leo.

Zamani tiba iliahirishwa mpaka kuchanganyikiwa kuishe. Hoja yake inaeleweka: mgonjwa hakumbuki, atafundishwaje? Lakini kujifunza kwa mwili, yaani mikono kuzoea mfuatano wa hatua, kunaweza kuendelea hata pale kumbukumbu ya matukio imevurugika. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa waliofundishwa kuoga, kuvaa na kujipamba wakiwa bado katika kipindi hicho walijitegemea zaidi walipotoka hospitali kuliko waliosubiri. Kwa hiyo, kati ya kusubiri na kuanza, ningechagua kuanza, kwa masharti: vipindi vifupi, chumba kimoja, mtu mmoja akiongea kwa wakati mmoja, hatua zilezile kila siku, na mgonjwa aelekezwe kabla hajakosea.

Tusichanganye hilo na kumharakisha mgonjwa mwili wote. Jaribio kubwa la AVERT la mwaka 2015, lililohusisha wagonjwa 2,104 wa kiharusi, liligundua kuwa kuanza kuwainua kitandani ndani ya saa 24 za kwanza, tena mara nyingi na kwa kiwango kikubwa, kulipunguza nafasi ya kupona vizuri baada ya miezi mitatu, ukilinganisha na huduma ya kawaida.

Kurudisha uwezo au kuuzunguka upungufu

Huu ndio uchaguzi mkubwa, na mingine yote ni matawi yake.

Kurudisha uwezo maana yake ni kuurudia mwendo au tendo lililopotea mara nyingi kiasi kwamba ubongo unajenga njia mpya za neva. Kuzunguka upungufu maana yake ni kuifanya shughuli kwa namna nyingine: mkono mmoja badala ya miwili, orodha badala ya kumbukumbu, kiti bafuni badala ya kusimama. Njia ya tatu, kubadili mazingira, haimdai mgonjwa ajifunze karibu chochote. Ni nyumba inayobadilika.

Turudi kwenye shati kwa mkono mmoja, maana njia hii hudharauliwa na watu wasiowahi kuiona ikifanyika. Mgonjwa anaketi kwenye kiti imara, miguu yote ikigusa sakafu. Shati linalazwa mapajani, na mkono wa shati wa upande dhaifu unaning'inia wazi katikati ya magoti. Mkono dhaifu unaingia kwanza, tena mgonjwa anainama kidogo ili mkono uteremke wenyewe kwa uzito wake. Mkono mzima, yaani ule usiolegea, unavuta nguo kupita kiwiko hadi juu ya bega (wengi huishia kwenye kiwiko, na hapo ndipo shati hukwama). Kola inazungushwa nyuma ya shingo, mkono mzima unaingia mwisho, vifungo vinaanziwa chini ambako macho yanaona. Kuvua ni kinyume: mkono mzima hutoka kwanza. Mwenye ubongo unaoweza kushika mfuatano hujifunza hili ndani ya siku chache. Kusubiri mkono urudi kunaweza kuchukua miezi, na kwa wengine haurudi kiasi cha kufunga vifungo.

Kwa nini basi tusichague njia ya mkono mmoja kila mara? Kwa sababu ina gharama yake. Mkono usiotumika huzoea kutotumika. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza jambo hili kutokana na tafiti za nyani: mnyama aliyejaribu kutumia kiungo kilichopoteza hisia akashindwa mara kadhaa aliacha kabisa kujaribu, hata pale kiungo kilipokuwa na uwezo wa kufanya kazi. Binadamu nao hufanya hivyo. Ukifundishwa kila kitu kwa mkono mmoja tangu wiki ya kwanza, unaweza kuuzika mkono ambao ungeamka.

Muda husaidia kuamua. Baada ya kiharusi, sehemu kubwa ya kurudi kwa mwendo huonekana ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kisha kasi inapungua bila kusimama kabisa. Baada ya jeraha la ajali, dirisha huwa refu zaidi, na mabadiliko huonekana hata baada ya mwaka. Miezi ya mwanzo ningeelekeza saa nyingi kwenye kurudisha uwezo, huku nikiruhusu njia ya mkato kwa zile shughuli mbili tatu ambazo heshima ya mgonjwa inazitegemea: msalani, kula, kuvaa nguo za ndani. Baadaye uwiano unageuka.

Kigezo kingine hakitajwi sana, nacho ni kujitambua. Njia ya kuzunguka upungufu inahitaji mgonjwa akubali kwamba kuna kitu kimepungua. Asiyejua kuwa anasahau hatafungua daftari. Kwa mtu wa namna hiyo, kubadili mazingira kunatangulia: dawa zifungiwe, jiko liwekewe swichi inayojizima, vitu vya kila siku viwekwe mahali pamoja panapoonekana.

Na kuvalishwa na mtu mwingine, ile njia ya kwanza kabisa? Haipaswi kuonewa aibu. Mgonjwa ambaye kuvaa peke yake kunammalizia nguvu za asubuhi nzima, naye anataka nguvu hizo kwa ajili ya kukaa na wajukuu, ana haki ya kuvalishwa. Huo nao ni mpango wa tiba, mradi yeye mwenyewe ndiye aliyeuchagua.

Mkono uliopooza: njia nne bega kwa bega

| Njia | Inamfaa nani | Inadai nini | Tahadhari |
|---|---|---|---|
| Kuufunga mkono mzima ili dhaifu ufanye kazi | Mwenye uwezo kidogo wa kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole | Saa nyingi kila siku, subira kubwa | Usawa hafifu wa mwili. Hatari ya kuanguka |
| Kioo | Hata ambaye mkono haujisogezi kabisa | Kioo, meza, umakini wa kama nusu saa | Wasioweza kutulia au kuangalia |
| Kurudia kazi halisi | Wengi | Vitu vya kila siku, marudio mengi | Huchosha kama ngazi haipandi polepole |
| Banzi la kiganja (kifaa kigumu cha kuushikilia mkono) | Wachache, kwa sababu maalumu | Karibu hakuna juhudi | Hudhaniwa kuwa tiba ya mkono |

Njia ya kwanza ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, na pia ndiyo inayopendekezwa kwa watu wasiofaa. Katika jaribio la EXCITE lililochapishwa 2006, watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa kabla walishiriki. Waliopewa tiba hii walivaa glavu nene kwenye mkono mzima kwa sehemu kubwa ya saa za kuwa macho na kufanya mazoezi ya saa nyingi kila siku kwa wiki mbili. Walipiga hatua kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na tofauti ilikuwepo hata mwaka mmoja baadaye. Ila wote walikuwa na chembe ya mwendo kwenye kifundo na vidole tangu mwanzo. Mkono usio na mwendo wowote, ukiufungia mwenzake, humwachia mtu mikono miwili isiyofanya kazi. Yapo matoleo mepesi zaidi, ya saa chache kwa siku kwa wiki nyingi zaidi, na kwa maisha ya nyumbani ningeanza na hayo.

Kwa mkono ambao haujisogezi, kioo ni chaguo ambalo watu hulicheka mpaka walione. Kioo kinasimamishwa katikati ya mikono miwili, mkono dhaifu ukiwa umefichwa nyuma yake. Mgonjwa anatazama kioo, anafungua na kukunja mkono mzima, na macho yanauambia ubongo kwamba ule mwingine ndio unaosogea. Wazo lilianza kwa watu waliokatwa viungo, miaka ya 1990, kupitia kazi ya mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran, kisha likahamia kwenye kiharusi. Mapitio ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba) ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 62, yalikuta kwamba husaidia mwendo na shughuli za kila siku. Faida zenyewe ni za wastani, na kioo hakitoshi peke yake, lakini hakina gharama kubwa na hakimchoshi mtu mwili mzima.

Kurudia kazi halisi ni njia isiyo na jina la kuvutia, nayo ndiyo mhimili. Kushika glasi tupu, kisha yenye maji robo, kisha nusu. Kufungua mfuniko uliolegezwa, kisha uliokazwa kidogo. Hesabu ya marudio ndiyo inayofanya kazi. Mgonjwa aliyefinya mpira mara kumi na kupumzika hajafanya mazoezi ya kutosha, na kufinya mpira si kushika glasi. Ukiona kipindi kizima kimekwenda kwenye mpira, uliza kwa nini.

Banzi nalo limezoeleka mno. Mwaka 2007 Lannin na wenzake walipima watu wazima 63 waliopata kiharusi: banzi la kuvaa usiku kwa wiki nne halikuzuia misuli ya kifundo kufupika kuliko kutovaa. Linaweza kuwa na nafasi pale kiganja kimekunjika mpaka kucha zinachoma ngozi, au kwa kulinda mkono wakati wa kulala. Likipendekezwa kama hatua ya kwanza kwa mkono uliolegea tu, fedha hiyo ningeielekeza kwenye vipindi vya mazoezi.

Kumbukumbu: daftari, simu, au michezo ya kompyuta?

Michezo ya kumbukumbu kwenye kompyuta hupendwa kwa sababu alama zinapanda. Mgonjwa anafurahi, familia inafurahi. Shida ni kwamba alama zikipanda kwenye mchezo, kinachokuwa bora ni kuucheza mchezo huo. Miongozo ya tiba ya akili baada ya jeraha la kichwa haishauri kuutegemea peke yake, maana ushahidi kwamba unaboresha maisha ya kila siku ni hafifu. Mtu akiupenda, aucheze kama burudani.

Daftari na simu ni jambo jingine. Nchini Uingereza, Barbara Wilson na wenzake walijaribu kifaa kidogo cha kupokea ujumbe kwa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu na kupanga. Katika matokeo ya mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza wiki 16 za jaribio walitimiza shughuli zao za kila siku vizuri zaidi kikiwapo. Leo kazi hiyo hufanywa na simu ya mkononi. Siri iko kwenye maneno ya ujumbe. Kengele inayolia na kuandika "Dawa" humfanya mtu mwenye jeraha aizime na kusema "sawa". Kengele inayosema "Simama sasa. Nenda meza ya kulia chakula. Kunywa dawa za kisanduku cheupe, kisha weka tiki" humpeleka mpaka mwisho.

Nani apewe daftari, nani simu? Aliyekuwa akitumia simu kwa ratiba kabla ya ajali aendelee nayo, kwa sababu mazoea ya zamani huwa yamesalia. Aliyekuwa mtu wa kalamu asilazimishwe. Anayesahau kwamba ana daftari anahitaji kengele, maana daftari halimwiti mtu. Anayekerwa na sauti, au anayeshindwa kugusa sehemu ndogo za kioo cha simu, anahitaji ubao ukutani. Ila kiwe kimoja. Familia yenye ubao, daftari, simu na karatasi za kubandika kwenye friji imemtengenezea mgonjwa sehemu nne za kutafuta.

Halafu kuna namna ya kumfundisha matumizi yake. Kuna shule mbili: ajaribu mwenyewe akosee ajirekebishe, au aelekezwe asikosee kabisa. Kwa mwenye kumbukumbu iliyoharibika sana, ya pili ndiyo salama. Mwanasaikolojia Alan Baddeley na huyohuyo Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba wagonjwa wa namna hii hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea, kwa kuwa kosa nalo hukaa, na hawana kumbukumbu ya kuwaambia kwamba lilikuwa kosa. Ndiyo maana ule mtihani wa wageni, "hebu niambie, mimi ni nani?", hausaidii. Mgeni ajitambulishe jina, mazungumzo yaendelee. Kwa mwenye tatizo dogo la kumbukumbu, kujaribu na kukosea kidogo kunafaa, maana kunamfundisha kujikagua.

Kupanga na kuamua: vipimo vya mezani au vya mtaani?

Mwaka 1991 wanasaikolojia Tim Shallice na Paul Burgess walieleza habari za watu watatu waliojeruhiwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwenye vipimo vingi vya mezani walifanya vizuri, lakini walipopewa orodha ya vijishughuli vya kufanya madukani, na sheria chache za kufuata, walivuruga mpangilio. Hicho ndicho familia huona na hawajui kukieleza: daktari amesema akili ni nzima, nyumbani hakuna kinachomalizika.

Kwa hiyo, ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kupimwa kwa karatasi na kupimwa ukifanya kazi, chagua kazi. Mtaalamu humwomba mgonjwa atengeneze kinywaji cha moto na kitu cha kula kwa pamoja, akakaa pembeni bila kusaidia. Anaangalia kama mgonjwa alikusanya vitu kwanza au alirudi kabatini mara sita, kama alitambua maji yanachemka huku akiwa amegeuka, kama alipokosa kijiko alitafuta au alisimama tu. Karatasi ina faida yake: ni ya haraka, inalinganisha na watu wengine, na inaonyesha mabadiliko madogo. Lakini haioni maji yanayochemka.

Kwenye tiba pia kuna makundi mawili. Moja hufundisha kanuni ya jumla ya kujisimamisha: acha, jiulize ulikuwa unafanya nini, gawanya kazi, endelea, kagua. Jingine, linalojulikana kama CO-OP na lililobuniwa Kanada na Helene Polatajko na wenzake, huanza na shughuli aliyoichagua mgonjwa mwenyewe na kumwongoza kwa hatua nne: lengo, mpango, tendo, ukaguzi. Mtaalamu hampi jibu. Anamuuliza mpaka alipate. Kwa mwenye uwezo mzuri wa kufikiri na anayerudi kwenye kazi yenye mambo mengi, kanuni ya jumla inaweza kusambaa kwenye kazi zake. Kwa wengi wengine ningechagua kuanzia kwenye shughuli, kwa sababu baada ya jeraha la ubongo kilichojifunzwa mahali pamoja mara nyingi hakihami kwenda kwingine chenyewe.

Asiyejitambua ana njia yake. Kubishana naye hakufai: si ukaidi, ubongo wake hauna taarifa. Kinachofaa zaidi ni kumwomba atabiri. "Unadhani utamaliza kwa muda gani? Utahitaji msaada wapi?" Kisha afanye, kisha alinganishe mwenyewe, pengine kwa kuangalia video yake. Hili lifanywe na mtaalamu mwenye uzoefu, kwenye kazi ambayo kushindwa kwake hakuumizi mtu, kwa kuwa kugundua ghafla kiasi ulichopoteza kunaweza kuleta huzuni nzito.

Kituoni, kliniki, au nyumbani?

Kituo cha utengamao, yaani cha kumrudishia mgonjwa uwezo, kina timu nzima, vifaa, na mtu wa zamu ya usiku. Nyumbani kuna jiko lake, ngazi zake, bafu lake lenye kizingiti. Kwa kiharusi kidogo au cha wastani, kutoka hospitali mapema huku timu ikimfuata mgonjwa nyumbani kumechunguzwa sana. Mapitio ya tafiti yanaonyesha watu hukaa siku chache zaidi wodini na wengi zaidi hujitegemea baadaye. Lakini sharti ni hilo: timu imfuate. Kumtoa mapema bila timu ni kumtoa tu.

Nisingemleta nyumbani haraka mtu anayehitaji watu wawili kumnyanyua, anayetangatanga usiku, asiyemeza salama, au ambaye nyumba yake ina mwangalizi mmoja naye mgonjwa. Hapa uchovu wa mwangalizi si jambo la pembeni; ni kigezo cha tiba.

Kliniki ya kwenda na kurudi inafaa kwa mkono, kwa sababu meza na vifaa vipo. Kwa kupika, kuoga na kutafuta njia, haiwezi kushindana na nyumbani. Tiba kwa video imekuwa na nafasi yake kwa ufuatiliaji na kumfundisha mwangalizi, si kwa tathmini ya kwanza ya mtu anayeanguka.

Kazi na gari

Kurudi kazini kwa siku nzima mara moja huonekana ushujaa. Kurudi kwa saa chache na kazi nyepesi huku ukiongeza taratibu ndiko kunakodumu. Kinachoangusha wengi ni uchovu wa ubongo, ule unaofuata siku nzuri. Mtu anajisikia mzima Jumatatu, anafanya yote, kisha analala mpaka Alhamisi. Mtoa tiba kwa vitendo humfundisha kuigawa siku kabla uchovu haujaigawa. Kuhusu gari, vipimo vya mezani huchuja walio hatarini waziwazi, lakini kwa walio katikati hakuna badala ya jaribio la barabarani pamoja na mkaguzi mwenye ujuzi huo. Familia isikubali kubebeshwa uamuzi huu.

Ukikutana na mtaalamu

Muulize malengo yalitoka kwa nani. Wataalamu wengi hutumia Kipimo cha Kanada cha Utendaji, ambapo mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli zinazomsumbua, akazipa umuhimu, kisha akajipa alama 1 hadi 10 kwa anavyozifanya na kwa anavyoridhika. Ongezeko la alama mbili huhesabiwa kuwa badiliko lenye maana. Mgonjwa na familia hawakubaliani mara nyingi: mama anataka mwanawe atembee, mwana anataka kurudi kupiga gitaa. Mtaalamu mzuri huandika yote mawili na haanzi na la mama kwa sababu tu ndiye anayeongea zaidi.

Muulize pia ni nini utakachofanya nyumbani kati ya kipindi na kipindi, kwa hatua, si kwa "mazoezi kidogo". Muulize ni njia ipi kati ya zilizotajwa hapo juu anayoitumia kwa kila shughuli, na kwa nini. Akisema "zote", muombe achague kwa shati, achague kwa dawa, achague kwa jiko. Na muulize mtakagua lini. Kama tarehe hiyo imefika na kipimo cha nguvu kimepanda lakini shughuli yenyewe haijasogea, omba njia ibadilishwe, hata kama mgonjwa ameshaizoea na mnapendana na mtaalamu.